Gololi

Mwaka mzima nilimsugua goti
kwa mafuta ya ufuta,
kwa sababu alisema, "Baba, goti,"
na mimi ni fundi baiskeli: panapolia ndipo nafungua.
Sikujua kwamba maumivu nayo husafiri,
huzaliwa nyongani, hulalamikia gotini,
kama mteja anayekopa kwangu
akaenda kulipa taslimu kwa fundi mwingine.

Mama yake alisema chango.
Bi Somoe wa jirani akasema amekanyaga kitu cha watu.
Mimi nilisema uvivu.
Nasema wazi, maana Tandahimba wote walisikia:
siku aliyomwaga ndoo njiani kutoka bombani
nilimchapa Mfaume kwa kipande cha tairi,
naye akakimbia akichechemea,
akichechemea hata katika kukimbia kipigo,
na hapo mkono wangu ukaishiwa nguvu.
Nani huigiza huku akikimbia fimbo?

Ndanda tulifika na hela ya korosho,
mikorosho kumi na minne ya marehemu mama,
nguo zetu bado zina harufu ya salfa.
Umeme ulikuwa umekatika.
Daktari Mrope akaibandika picha dirishani,
jua likafanya kazi ya taa.
"Huu wa kulia mzima. Huu wa kushoto..."
Hakuwa na haja ya kumaliza.
Nimefungua ekseli maelfu:
naijua gololi inavyokaa kwenye kikombe chake,
na naijua iliyokosa grisi,
iliyolika upande, bapa, imemeguka.
Damu, alisema, ilikatika njia
ya kwenda kwenye kichwa cha mfupa.
Kwa nini?
"Hatujui."
Alisema hatujui bila kuona haya,
nikamwamini yote yaliyofuata.

"Angekuwa na miaka mitano ningekwambia tungoje.
Mfupa wa mdogo ni udongo, hujifinyanga wenyewe.
Mwanao ana kumi na mmoja."
Ile methali ya samaki na ubichi wake
ilinijia kinywani,
nikaimeza na miiba yake.

Basi watakata mfupa wa paja, chini ya nyonga,
watoe kabari, wauinamishe
hadi gololi iingie kikombeni, ifunikwe,
ishike umbo humo humo wakati inapona.
Kisha bamba la chuma, skrubu sita.
Mguu utapungua kidogo, upana wa kidole.
"Na atapona?"
"Atatembea vizuri kuliko tukimwacha.
Uzeeni, sijui."

Saa tatu na nusu nilikaa nje ya mlango
nikifunga na kufungua nati ambayo haikuwepo,
mpaka mama yake akaushika mkono wangu,
akaukalia.

Alipozinduka, neno la kwanza:
"Wameweka ngapi?"
Sita.
"Za nyota au za bapa?"
Nesi Avelina hakujua.
Jioni daktari akarudi kwa ajili ya hilo tu:
"Za pembe sita, fundi mdogo."

Sasa wiki ya saba.
Magongo yamechimba vishimo sakafuni mwa karakana.
Kiatu cha kushoto nimekiongezea soli,
nimeikata kwenye tairi lile lile.
Mfaume alilitambua.
Hakusema kitu, akanyoosha mguu nipime.

Wenzake wanacheza gololi vumbini;
yeye ni mwamuzi, ameketi kwenye karia
ya baiskeli isiyo na mwenyewe,
mkali kupita kiasi, anafuta hata pointi za rafiki zake.

Picha mpya nimeiweka kwenye rafu ya spoku.
Usiku naiinua mbele ya kurunzi, nahesabu.
Moja, mbili, tatu, nne.
Ya tano imekaa upande kidogo.
Mimi ningeifungua, niirudie.
Nilimwambia daktari. Akatabasamu:
"Imeshika. Iache."

Nimeiacha.
Ila kila nikipita naiangalia.